Daraja, Ulalo na Kantara

Mfasiri akabidhiwapo maelezo ya daraja kongwe na kubwa linaloutambulisha mji, hukwama mapema. Neno daraja lenyewe limebeba mizigo miwili. Asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake ni kipandio au cheo; cha kuvukia mto Waarabu hukiita jisri au kantara. Kiswahili kimelitumia neno hilo moja kwa yote mawili. Basi tangazo likisema, "Anatakiwa mhandisi wa daraja la pili," msomaji hajui kama inatajwa ngazi ya mshahara au ujenzi wa daraja jingine. Katika mkataba utata huo waweza kuzaa kesi. Ushauri wetu ni kwamba hati inapohusu ujenzi, cheo kiitwe ngazi, na daraja liachiwe mto.

Kantara imo katika kamusi za zamani, lakini haimo vinywani mwa watu. Hatuoni sababu ya kuifufua. Ulalo ni jambo jingine: ni gogo lililolazwa juu ya kijito ili watu wapite, na neno hilo lajieleza lenyewe. Anayeandika habari za Vuga, makao makuu ya Wakilindi katika milima ya Usambara, atalihitaji. Krapf alipofika huko mwaka 1848, katika enzi ya Kimweri ye Nyumbai, mji ulijulikana kwa mlima uliokalia, wala si kwa daraja. Kuandika daraja mahali palipokuwa na gogo ni kuwajengea Washambaa wa karne ile kitu ambacho hawakukijenga.

Unguja (ambako nako kuna mtaa uitwao Vuga) mambo ni kinyume. Darajani paliitwa hivyo kwa sababu ya daraja lililovuka mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Katika karne ya 20 maji yale yalifukiwa, na daraja likatoweka. Hata hivyo wenyeji wangali wakielekezana kwa Darajani, na Ng'ambo ingali Ng'ambo ingawa hakuna tena cha kuvuka. Kitu cha namna hii twapendekeza kiitwe kitambulisho cha mji. Alama ya mji yafaa zaidi kwa nembo ya halmashauri, na mnara ni kwa kilichosimama wima tu.

Limebaki neno ukumbusho, ambalo hutumiwa ovyo. Daraja la ukumbusho ni lile lililojengwa ili mtu au tukio likumbukwe. Daraja la Kigamboni, lenye urefu wa mita 680, lilifunguliwa mwaka 2016 likapewa jina la Mwalimu Nyerere. Lakini lilijengwa ili watu na magari wavuke bila kungojea pantoni. Kwa ukubwa na haiba yake laweza kuitwa daraja adhimu. Afisa anayeliandika kuwa la ukumbusho kwa sababu tu ni kubwa, au kwa sababu lina jina la mtu, amelibadilishia kusudi.