Dhoruba za sumaku na elektroni za kanda za Van Allen

Kanda za Van Allen ni maeneo mawili ya anga-nje yanayoizunguka Dunia, ambamo chembe zenye chaji ya umeme zimenaswa na ugasumaku wa sayari yetu. Ziligunduliwa mwaka 1958 na Mmarekani James Van Allen kwa vipimo vya satelaiti Explorer 1. Ukanda wa ndani una protoni nyingi zenye nishati kubwa. Ukanda wa nje una hasa elektroni, nyingine zikikimbia karibu na kasi ya nuru, na hubadilika sana kufuatana na hali ya upepo wa Jua.

Athari za upepo wa Jua

Upepo wa Jua ni mkondo wa protoni na elektroni unaotoka kwenye Jua, kwa kawaida kwa kasi ya kilomita 300 hadi 800 kwa sekunde. Ukivuma kwa nguvu, na ugasumaku wake ukielekea kusini, nishati nyingi huingia katika ugasumaku wa Dunia. Hapo hutokea dhoruba ya sumaku.

Si kila dhoruba huongeza elektroni. Utafiti uliotolewa mwaka 2003 kuhusu dhoruba 276 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ziliziongeza, takriban moja kati ya tano zilizipunguza, na zilizobaki hazikuleta badiliko kubwa. Matokeo hutegemea mizani ya mambo mawili:

* Kuongezeka: mawimbi ya umeme na sumaku huzipa elektroni nishati, au huzisukuma karibu zaidi na Dunia.
* Kupungua: upepo hubana mpaka wa ugasumaku hadi elektroni zikatoroka nje, au mawimbi huziangusha katika angahewa.

Utafiti kutoka pwani ya Kenya

Tarehe 15 Novemba 1971 satelaiti Explorer 45 ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, kituo cha Italia kilichosimama baharini karibu na Malindi. Kazi yake ilikuwa kuchunguza dhoruba za sumaku na chembe zilizonaswa. Mahali hapo palifaa kwa kuwa pako karibu na ikweta: chembe hizo huenda na kurudi kati ya kaskazini na kusini zikivuka usawa wa ikweta, hivyo satelaiti inayozunguka juu ya ikweta hupita katikati ya kanda zenyewe. Mwaka 2012 Marekani ilirusha vyombo viwili, Van Allen Probes, vilivyoendeleza uchunguzi huo hadi 2019.

Umuhimu

Satelaiti nyingi za televisheni na za hali ya hewa huzunguka kwenye kimo cha kilomita 35,786, ndani ya ukanda wa nje. Elektroni zenye nishati kubwa hupenya ganda la satelaiti na kulundikana katika vihami vyake, hadi cheche ya umeme iruke na kuharibu mitambo. Kwa hiyo waendeshaji wa satelaiti hufuatilia utabiri wa hali ya anga-nje.

Sayari nyingine

Mshtarii una kanda zenye nguvu kuliko za Dunia. Huko nishati hutokana hasa na mzunguko wa haraka wa sayari yenyewe, na upepo wa Jua una athari ndogo zaidi.