Choo Kinachokawia Kumeza Maji

Labda unakaa katika nyumba ya matofali iliyojengwa zamani, kabla ya mwaka 1960, kama zile nyingi za Bukavu, Kalemie na Lubumbashi. Choo chake ni cha maji. Siku hizi ukimwaga maji hayashuki upesi. Yanapanda, yanasimama, kisha yanashuka polepole, na harufu inabaki nyumbani. Unasema, "Si neno, mwisho yanashuka."

Ni neno, ndugu. Choo kinachokawia leo kinaweza kuziba kesho. Siku hiyo maji ya mavi yatarudi ndani, mahali watoto wanapotembea bila viatu. Katika maji hayo wanaweza kukaa wadudu wa kipindupindu, wa tifoidi na wa kuhara damu, pamoja na mayai ya minyoo. Mwaka 1994, huko Goma, kipindupindu kiliua maelfu ya watu kwa majuma machache, kwa sababu maji ya kunywa yalichafuliwa na mavi.

Lakini usikimbilie kuvunja sakafu wala kununua dawa kali. Kwanza tafuta mahali palipoziba. Maji yenyewe yatakuonyesha.

NJIA YA MAJI MACHAFU

Chini ya bakuli la choo kuna shingo iliyopindwa. Shingo hii hushika maji kidogo siku zote, ili harufu isipande nyumbani. Kutoka hapo maji hupita katika bomba chini ya ardhi, hufika kwenye kisanduku cha simenti chenye kifuniko, nje ya nyumba, kisha huingia katika fosi. Ndani ya fosi uchafu mzito huzama. Maji hutoka upande wa pili, huenda katika shimo la mawe, na ardhi huyanywa.

MAULIZO MATATU

1. Je, ni choo peke yake? Mwaga maji mahali pa kuogea. Yakishuka vema, shida iko karibu na choo. Lakini kama na huko yanakawia, ama choo kinatoa mapovu wakati mtu anapooga, shida iko mbele zaidi, katika bomba kubwa au katika fosi.

2. Je, bakuli linameza ndoo? Ngoja maji yashuke kwanza. Kisha mwaga litre 10 mara moja. Yakishuka kwa nguvu, choo hakikuziba. Tazama basi tangi la maji ya kusukumia: labda halijai, ama vitundu vilivyo chini ya ukingo wa bakuli vimezibwa na chokaa. Vizibue kwa waya mwembamba. Lakini maji yakipanda, kuna kizuizi.

3. Je, kisanduku kina nini? Fungua kifuniko, na mwenzako amwage maji chooni. Kama kisanduku ni kitupu na maji yanakuja kidogo kidogo, kizuizi kiko kati ya nyumba na kisanduku. Kama kimejaa mpaka juu, bomba la mbele limeziba, ama fosi imejaa.

KAZI YENYEWE

Vaa glavu za mpira. Kizuizi kikiwa karibu na choo, tumia mpira wa kuzibulia wenye mti. Sukuma na kuvuta mara 20 bila kuinua mpira kutoka majini. Kizuizi kikiwa katika bomba, pitisha waya mrefu unaopindika, kutoka kisandukuni kuelekea nyumba. Usigonge kwa chuma kigumu, kwa kuwa bakuli litapasuka. Usichanganye maji ya javeli na asidi hata kidogo. Vikikutana hutoa hewa ya sumu inayochoma mapafu.

Waya ukirudi na mizizi myembamba, umepata adui wa nyumba za zamani. Mabomba yake mengi ni vipande vya simenti au vya udongo vilivyounganishwa. Mizizi ya mwembe au ya mparachichi hutafuta maji na kuingia katika maungio. Ukiikata tu, itaota tena. Chimba mahali pale, ubadilishe kipande kile.

Tena fikiri hesabu ya watu. Pengine fosi ilijengwa kwa watu 5, na leo mnakaa 15. Tope la chini likifika theluthi moja ya kina cha maji, ita watu wa kazi ya kuondoa uchafu. Kama choo kinakawia wakati wa mvua nyingi tu, labda ardhi imeshiba na shimo la mawe halinywi tena.

USIINGIE KAMWE KATIKA FOSI

Sikia neno hili sana. Ndani ya fosi kuna hewa inayoua, nayo haionekani. Hunuka kama mayai yaliyooza, lakini ikiwa nyingi pua haiisikii tena. Mtu huingia, huanguka. Ndugu yake hushuka kumwokoa, naye huanguka juu yake. Wengi wamekufa hivyo. Mwenzako akianguka, usimfuate. Piga kelele, uite wasaidizi wenye vyombo. Usilete moto wala sigara karibu na kifuniko kilicho wazi, kwa sababu hewa ile yaweza kuwaka. Tena usiache shimo wazi kwa ajili ya watoto.

KISHA

Uchafu uliotolewa ufukiwe mbali na kisima, si chini ya metre 30, upande wa bonde. Osha sakafu kwa sabuni, kisha kwa maji ya javeli. Osha mikono yako kwa sabuni.

Wafundishe wote wa nyumbani: magazeti, magunzi ya mahindi, vitambaa, majivu na mafuta ya kupikia havitupwi chooni. Weka ndoo yenye kifuniko kwa vitu hivyo.

Na mtu wa nyumbani akianza kuhara maji maji, usingoje choo kipone kwanza. Mpe maji safi anywe mara kwa mara, umpeleke kwa mganga siku ile ile.