Chama cha Madaktari wa Moyo na Mfuko Wetu wa Diakonia



Hivi karibuni ofisi ya miradi ilipokea barua mbili zenye swali linalofanana. Kamati ya usharika mmoja wa milimani iliuliza kama inaweza kumpeleka mgonjwa wake kwenye chama cha madaktari wa moyo ili atibiwe. Mfadhili mmoja naye aliuliza kama fedha za wagonjwa wa moyo zisingetumwa moja kwa moja kwa chama hicho badala ya kupitia kwetu. Tumeona ni vyema tujibu hapa, kwa kuwa jibu lake linagusa namna tunavyotumia Mfuko wa Diakonia.

Ieleweke kwanza kwamba chama si hospitali. Tanzania Cardiac Society ni umoja wa kitaaluma wa wataalamu wa moyo nchini, kama wanasheria na wahandisi walivyo na vyama vyao. Kazi ya chama cha namna hiyo ni wataalamu kukutana, kufundishana, kukubaliana ugonjwa fulani upimwe na kutibiwa vipi, na kuwashauri wenye mamlaka. Kutibu ni kazi ya hospitali. Kwa nchi yetu hospitali kubwa ya kazi hiyo ni Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyopo Muhimbili, Dar es Salaam, ambayo ilianzishwa kama taasisi inayojitegemea mwaka 2015. Upasuaji wa moyo ulikuwa umekwisha kuanza pale Muhimbili mwaka 2008. Njia ya kawaida ya kufika huko ni kuanzia zahanati, kupanda hadi hospitali ya mkoa, na kwenda na rufaa mkononi. Tangu treni ya umeme ianze mwaka 2024, safari ya Morogoro hadi Dar es Salaam ni chini ya saa mbili. Kutoka Bunduki hadi stesheni wakati wa masika ni habari nyingine.

Hata hivyo chama hicho kinatuhusu sana, labda kuliko hiyo hospitali. Vyama vya madaktari wa moyo barani Afrika vina mwamvuli wao unaoitwa PASCAR, ulioanzishwa mwaka 1981. Mtu angetegemea mabingwa wakikutana wadai mashine kubwa na vyumba vya upasuaji. Lakini mwaka 2017 PASCAR ilipotoa mpango wake wa hatua 10 kuhusu shinikizo la damu, lengo liliwekwa kwenye jambo la chini kabisa: ifikapo mwaka 2025 angalau robo ya wenye presha barani wawe nayo imedhibitiwa. Mwaka huo umepita. Tunaomba msomaji aitafakari hiyo robo. Mabingwa wenyewe waliona kwamba kumfikisha mgonjwa mmoja kati ya wanne kwenye vipimo salama kungekuwa ushindi.

Wapo wanaosema presha ni ugonjwa wa mjini na wa watu wanene, si wa mkulima anayepanda mlima kila siku na jembe begani. Mkoa wetu una ushahidi wa kinyume. Kuanzia mwaka 1992, Wizara ya Afya kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza iliendesha mradi wa kufuatilia vifo katika maeneo matatu: Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini. Ndugu wa marehemu walihojiwa ili ijulikane kilichomuua. Matokeo kuhusu kiharusi yalichapishwa mwaka 2000 katika jarida la The Lancet. Kwa wanaume wa miaka 15 hadi 64 wa Morogoro Vijijini, kiharusi kiliua watu 35 kwa mwaka katika kila 100,000. Uingereza na Wales, mwaka 1993, walikuwa 10.8. Kwa wanawake wa huku walikuwa 27, na wa kule 8.6. Dar es Salaam hali ilikuwa mbaya zaidi, lakini hata huku kwetu kijijini ilikuwa mara tatu ya Uingereza, na hao si wazee. Wengi wao walikuwa watu wa umri wa kulima na kulea.

Katika daftari la Mfuko tunaye mzee mmoja wa kanisa. Alipimwa, akapewa vidonge vya mwezi mmoja, akavimaliza, akajisikia mzima, akaacha. Hakuna aliyemwambia, au labda aliambiwa na hakusadiki, kwamba presha huwa haiumi na dawa zake ni za kila siku, hata mtu akijisikia vizuri. Miezi michache baadaye alianguka shambani, upande mmoja wa mwili ukapooza. Tulilipa wabebaji wa machela, gari, na baadaye kiti cha magurudumu ambacho kwenye njia za huko hakimfai kitu. Fedha hizo zingetosha dawa zake kwa miaka. Tunaliandika kwa sababu sisi ndio tuliopitisha malipo hayo, na hakuna kati yetu aliyeuliza habari za vidonge.

Kwa watoto hali ni hiyo hiyo. Mtoto hupata mafindofindo, koo linauma, anapewa maji ya chumvi na siku chache baadaye anacheza. Baadhi ya maambukizi hayo ya koo yasipotibiwa huleta homa ya viungo, magoti na vifundo vikavimba kwa kupokezana, na baadaye milango ya ndani ya moyo huharibika. Wanaoshambuliwa zaidi ni wa miaka 5 hadi 15. Mwaka 2005 PASCAR iliwakutanisha wataalamu huko Drakensberg, Afrika Kusini, na tamko lao lilitilia mkazo kuzuia: jamii ielimishwe, wagonjwa waandikishwe, na penisilini ipatikane. Mtoto ambaye moyo umekwisha kuguswa huhitaji sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 au 4, kwa miaka mingi, ili usiharibike zaidi. Ni dawa ya zamani na ya bei ndogo. Kinachoshinda familia ni kutembea kila mwezi na kukuta imeisha.

Tunakiri kwamba picha ya mtoto aliyetoka kufanyiwa upasuaji hukusanya sadaka kuliko picha ya kichupa cha penisilini. Wafadhili wetu watuwie radhi kwa kulisema wazi. Rufaa za dharura tutaendelea kuzisaidia, ila kuanzia mwaka ujao tunapendekeza sehemu kubwa ya fedha za moyo zibaki mlimani: mashine za presha kwa sharika, nauli ya watoto wa sindano, na akiba ya dawa za mwezi mmoja kwa wanaokwama.

Neno moja kuhusu kupima, kwani huku kwetu hukosewa kirahisi. Anayefika kanisani akitoka kupanda mlima asipimwe papo hapo, kwa maana kipimo kitapanda pamoja naye. Akae dakika 5, ameegemea kiti, miguu chini, mkono uwekwe juu ya meza usawa wa moyo, asiongee, na kitambaa cha mashine kienee mkono wake. Apimwe mara mbili. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, aelekezwe zahanati apimwe tena siku nyingine. Asitangaziwe ugonjwa mbele ya watu. Na majirani zetu wengi wa Uluguru ni Wakatoliki na Waislamu. Wote wanakaribishwa kupima.

Siku ya Moyo Duniani ni tarehe 29 Septemba. Tungependa vipimo vianze Jumapili iliyo karibu na siku hiyo, baada ya ibada. Kila kamati ituletee jina la mtu mmoja atakayetunza daftari la wenye presha na watoto wa sindano, ambaye ataweza kwenda kumgongea mlango asiyeonekana mwezi huo.