Gunia Halikupungua, Mizani Imepunguza

Katika mazungumzo yetu ya kila siku neno moja, uzito, hubebeshwa mambo mawili. Twasema gunia lina uzito wa kilo 100, na mnunuzi huelewa. Wanafizikia, hata hivyo, huyatenga mambo hayo. Kilo hupima tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo ndani ya kitu. Uzito ni nguvu ambayo kwayo dunia hukivuta kitu hicho, nayo hupimwa kwa nyutoni. Watoto wetu hulikariri hilo kwa ajili ya mtihani, ilhali ndani yake mna haki za watu.

Tuutazame mtumbwi uliopakiwa maembe katika Mto Tana. Maji yameubeba, na anayeusukuma hana mzigo mabegani mwake. Lakini kuuondoa uliposimama ni kazi, na kuuzuia unapoikaribia kingo ni kazi vilevile. Ugumu huo watokana na tungamo, wala haubadiliki popote mzigo uendapo.

Uzito hubadilika. Dunia si duara kamili: imetuna katikati, hata mtu aliyesimama kwenye ikweta yuko mbali na kitovu chake kwa takriban kilomita 21 zaidi ya aliye kwenye ncha. Tena dunia yazunguka, na mzunguko huo hupunguza mvuto zaidi kwenye ikweta. Al-Khazini, mwanachuoni wa Merv, aliandika katika Kitab Mizan al-Hikma, mwaka 1121, kwamba uzito wa kitu wategemea umbali wake na kitovu cha ulimwengu. Mwaka 1672, Mfaransa Jean Richer aliipeleka saa ya pendulamu kutoka Paris hadi Cayenne, karibu na ikweta, akaikuta ikichelewa kama dakika mbili na nusu kila siku. Mvuto wa huko ulikuwa hafifu zaidi.

Kilelengwani nayo iko chini ya digrii 3 kusini mwa ikweta. Hapa kila kilo huvutwa kwa nyutoni 9.78, London huvutwa kwa nyutoni 9.81. Tofauti hiyo yaonekana ndogo. Lakini mizani ya springi iliyorekebishwa London, ikiletwa hapa bila kurekebishwa upya, itaonyesha takriban kilo 99.7 kwa gunia la kilo 100. Mkulima mwenye magunia kumi ya mchele atakuwa amepoteza kilo tatu, ilhali hakuna punje iliyomwagika. Springi huhisi mvuto tu, tungamo haiioni.

Mizani ya vitanga viwili haina aibu hiyo. Mzigo huwekwa upande mmoja na mawe ya mizani upande wa pili, na dunia huvivuta vyote kwa kadiri moja. Ikilegeza huku, hulegeza na kule. Ndiyo maana hutoa jibu lilelile Garsen na London.

Hatusemi springi ziachwe, wala mizani za umeme, ambazo nyingi pia huhisi mvuto. Twasema zihakikishwe papa hapa zinapotumika, kwa mawe ya kipimo halali. Sheria ya Vipimo na Mizani ya Kenya, Sura ya 513, yataka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri. Muuzaji ana haki ya kuuuliza muhuri huo kabla ya kuning'iniza gunia lake. Anaweza pia kutundika pakiti kadhaa za unga za kilo mbili ambazo hazijafunguliwa, aone mshale wasemaje. Springi iliyochoka, au iliyochezewa, yaweza kumdhulumu mtu kuliko ikweta.

Qur'ani ina sura nzima, ya 83, iliyopewa jina la wapunjao vipimo. Punje zilizopotea kwa kutojua nazo zina mwenyewe. Mwenye mizani akishajua namna chombo chake kinavyopima, hana tena udhuru wa kukiacha bila kukihakikisha.