Tajiri akibadili siku za kazi, fundi afanyeje?

NYEGEZI, Mwanza. Tuseme fundi mwashi amepatana na tajiri kujenga msingi wa mawe, siku sita kwa wiki, malipo kila Jumamosi. Wiki ya tatu tajiri anabadili: njoo siku tatu tu, fedha mwisho wa mwezi. Vibarua nao wanamtazama fundi.

Wengi hunyamaza wakiogopa kunyang'anywa kazi, na kunyamaza huko ndiko kunakowaponza. Kwa Sheria ya Mikataba, mapatano hubadilishwa kwa ridhaa ya pande zote mbili. Kwanza dai fedha ya kazi iliyokwisha, kisha masharti mapya yaandikwe, hata kwenye daftari, na shahidi asaini.

Lipo na hili ambalo matajiri wengi hawalijui. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 humhesabu mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, iwapo saa zake za kazi hupangwa na anayemfanyia kazi, au amemfanyia wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Fundi wa namna hiyo anaweza kupeleka madai ya malipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), ndani ya siku 60 tangu mgogoro uanze.