Idadi na Uzito katika Mlinganyo wa Kemia

Mwanafunzi aonyeshwapo mlinganyo 2H₂ + O₂ → 2H₂O, aghalabu huuliza swali ambalo wengi hulipuuza: mbili na moja zimekuwaje mbili? Swali hili si la kemia peke yake. Ni la lugha vilevile, kwa kuwa limezaliwa na nambari iliyosomwa bila nomino yake. Tukisema "haidrojeni mbili", bado hatujasema ni mbili za nini. Wala upatanisho wa kisarufi hautusaidii hapa, kwani atomi, molekuli, moli na gramu zote zimeingia katika ngeli ya I-ZI, na "mbili" yafaa kwa kila mojawapo. Laiti moja ya nomino hizo ingalitiwa katika ngeli ya KI-VI, kiambishi chake kingalimzindua msomaji.

Usomaji kamili ni huu: molekuli mbili za haidrojeni na molekuli moja ya oksijeni huungana zikafanya molekuli mbili za maji. Kinacholingana pande zote mbili ni idadi ya atomi, yaani nne za haidrojeni na mbili za oksijeni. Molekuli si lazima zilingane. Uzito nao hulingana, kwa sababu hakuna atomi iliyopotea: gramu 4 za haidrojeni na gramu 32 za oksijeni hutoa gramu 36 za maji. Nashuku kuwa neno "kiasi", tulipendalo mno katika vitabu vya shule, ndilo lifunikalo tofauti hii, maana hutumika kwa idadi na kwa uzito bila kubagua.

Daraja baina ya idadi na uzito ni moli. Nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya uzamili, niliisikia ikifafanuliwa kwa dazani ya mayai. Sisi tunayo korija. Korija ya boriti ni miti ishirini, na korija ya pau ni ishirini vilevile, ingawa boriti ni nzito zaidi. Moli nayo ni hesabu tu, ila kubwa ajabu: tangu 2019 imewekwa kuwa vitu 6.02214076 × 10²³ kamili.

Na tuchukue kazi ya kuchoma chokaa, ijulikanayo sana pwani. Matumbawe yapashwapo moto mkali tanuuni, kalsiamu kabonati iliyomo hugawanyika hivi:

CaCO₃ → CaO + CO₂

Kalsiamu ni 40, kaboni 12, oksijeni 16. Kwa hiyo moli moja ya kabonati ina gramu 100, ya chokaa kavu gramu 56, na ya kaboni dayoksaidi gramu 44. Tukianza na kilo 250 za kabonati, tuna moli 2,500. Mlinganyo watuambia kuwa kila moli moja hutoa moli moja ya chokaa. Basi tutapata moli 2,500 za chokaa, ambazo ni kilo 140. Kilo 110 zilizobaki zimepaa hewani. Anayedhani kuwa "moja kwa moja" maana yake ni kilo kwa kilo atazitafuta kilo hizo majivuni asizione.

Chokaa hiyo ikizimwa, CaO + H₂O → Ca(OH)₂, itanywa moli 2,500 za maji, yaani kilo 45, na kuwa kilo 185. Mwenye kuizima humwaga maji mengi kuliko hayo, kwa kuwa joto hugeuza sehemu yake kuwa mvuke.

Hata hivyo, hesabu hii yadhani kuwa jiwe ni safi. Ikiwa kabonati ni tisini kwa mia tu, sharti tuanzie kilo 225, na chokaa itakuwa kilo 126. Kilo 25 za takataka haziingii katika mlinganyo, lakini zile zisizoungua hubaki zimechanganyika na chokaa, nayo mizani huzipima pamoja.