KISOMO REDIONI: UVIMBE ULIO NYUMA YA PUA

Swali la kikundi cha Nyahanga, Kahama, ndilo lililotuletea somo la leo. Wanauliza hivi: "Je, ni kweli kwamba madaktari waweza kutoa uvimbe kichwani mwa mtu kwa kupitia puani, bila kupasua fuvu?"

Jibu ni ndiyo. Ni kweli, na hufanyika hapa hapa Tanzania. Lakini neno "ndiyo" peke yake si somo. Hebu tuingie ndani ya jambo lenyewe.

Mwalimu wa kikundi, tafadhali mpe kila mtu punje moja ya dengu. Itazameni. Ndani ya kichwa cha kila mmoja wenu imo tezi yenye ukubwa kama wa dengu hiyo. Uzito wake ni kama nusu ya gramu. Jina lake ni tezi ya pituitari. Imening'inia chini ya ubongo, ndani ya kijishimo cha mfupa, karibu katikati ya kichwa. Mtu akiingia katika tundu la pua akaenda moja kwa moja nyuma, atakuta chumba kidogo cha hewa ndani ya mfupa. Tezi iko nyuma ya ukuta wa chumba hicho, na ukuta wenyewe ni mwembamba.

Tezi hii ni ndogo, lakini kazi yake ni kubwa. Inatoa homoni, yaani kemikali zinazochukuliwa na damu kupeleka amri mwilini. Mtoto akue kiasi gani, maziwa ya mama yatoke lini, mwanamke apate hedhi, mwili ustahimili homa na njaa: amri zote hizo hutoka hapo au hupita hapo.

Sasa, pengine uvimbe huota katika tezi hii. Aghalabu si saratani, wala hauenei mwilini. Ubaya wake ni wa namna mbili.

Namna ya kwanza, uvimbe hutoa homoni kupita kiasi. Ikiwa ni homoni ya kukuza mwili, mtoto hurefuka kuliko wenzake wote. Mtu mzima harefuki, bali viganja hunenepa, pete haiingii tena, viatu vya mwaka juzi vinabana, taya na pua hukua. Mambo haya huja polepole sana, hata mke na watoto wasiyatambue. Mara nyingi ni mgeni aliyepotea miaka mingi ndiye hushtuka. Ikiwa ni homoni ya maziwa, mwanamke asiyenyonyesha hutokwa na maziwa, hedhi hukatika, wala hapati mimba. Hapa nataka mnisikilize vizuri, akina baba na akina mama. Katika mkoa wetu wa Shinyanga tunajua ubaya wa kumhukumu mtu kwa kutazama uso wake. Vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, na wekundu ule ulitokana na moshi wa jikoni. Uso uliobadilika na maziwa yasiyo na mtoto ni dalili za ugonjwa, nazo hupimwa kwa damu. Tena huo uvimbe wa homoni ya maziwa, mara nyingi hauhitaji kisu hata kidogo. Vidonge huupunguza.

Namna ya pili, uvimbe hukua tu na kusukuma. Juu ya tezi, mishipa ya fahamu ya macho mawili hukutana na kupishana. Uvimbe ukiigusa kutoka chini, mtu huanza kupoteza kuona kwa pembeni, kushoto na kulia. Mbele anaona. Hujigonga kwenye mlango, au hugongwa na baiskeli aliyodai hakuiona, na watu husema amelewa. Mshipa wa macho ukibanwa kwa muda mfupi, waweza kupona. Ukibanwa miaka mingi, hufa.

Basi uvimbe utolewe, lakini kwa njia gani? Kupita juu, lazima fuvu lifunguliwe na ubongo usogezwe. Ni kama mtu anayeezua paa ili atoe panya chini ya kitanda. Kupita puani ni kupita mlangoni. Wamisri wa kale waliijua njia hii, maana walipohifadhi maiti walitoa ubongo kwa kulabu kupitia puani. Lakini maiti hatokwi damu, wala hana macho ya kupofuka.

Kwa mtu aliye hai, wa kwanza alikuwa Daktari Hermann Schloffer wa Innsbruck, nchi ya Austria, mwaka 1907. Yeye aliikata pua kando na kuigeuza. Kisha Marekani, Daktari Harvey Cushing alipita chini ya mdomo wa juu, ili kovu lisionekane. Kati ya mwaka 1910 na 1925 aliwapasua hivyo wagonjwa 231, na karibu 6 katika kila 100 walikufa. Kwa siku zile, kabla ya penisilini, hiyo ilikuwa sifa kubwa. Hata hivyo baadaye aliiacha njia hiyo, na wengi wakamfuata.

Kwa nini aliiacha? Ninyi wachimbaji wa Kahama na Geita mtanielewa upesi kuliko watu wa mjini. Duara likiwa refu, jembamba, na taa ni hafifu, huwezi kujua kilicho mbele ya sururu yako. Njia ya puani ilijulikana; kilichokosekana ni taa. Daktari Norman Dott wa Edinburgh, mwanafunzi wa Cushing, hakuiacha. Akamwonyesha Gérard Guiot wa Paris, naye Guiot akamfundisha Jules Hardy wa Montreal, ambaye katika miaka ya 1960 alileta hadubini kubwa ya kusimama nje na kumulika ndani.

Bado hadubini inatazama kutoka nje, kama mtu aliyesimama mdomoni mwa duara. Ndipo kilipokuja chombo kiitwacho endoskopu. Ni fimbo nyembamba kama penseli, unene wake milimita 4. Zamani vyombo vya namna hii vilikuwa na balbu ndogo kwenye ncha, nayo ilitoa joto na mwanga mchache. Bwana Harold Hopkins wa Uingereza, mwaka 1959, alijaza fimbo vipande virefu vya kioo, na picha ikawa nyangavu mara nyingi zaidi. Taa ikawekwa nje, mwanga ukapelekwa ndani kwa nyuzi za kioo. Sasa jicho la daktari liliweza kuingia duarani lenyewe, na hata kutazama pembeni, kwa kuwa ncha nyingine hukatwa mshazari. Kwanza chombo kilitumika kusafisha vyumba vya hewa vya pua vilivyojaa usaha, na kazi hiyo inaendelea. Mwaka 1997 Daktari Jho na Daktari Carrau wa Pittsburgh, Marekani, walieleza habari za wagonjwa 50 waliopasuliwa tezi kwa endoskopu.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Mgonjwa hulazwa usingizi mzito kwa dawa. Pua hujazwa pamba yenye dawa ya kusinyaza mishipa ya damu. Daktari wa pua na daktari wa ubongo husimama pamoja: mmoja anashika endoskopu, mwingine anafanya kazi kwa mikono miwili, wote wakitazama picha katika televisheni. Wanafungua chumba cha hewa, wanasaga ukuta mwembamba, kisha wanaukwangua uvimbe kwa vijiko vidogo na kuufyonza. Kulia na kushoto, milimita chache tu, ipo mishipa mikubwa ya damu iendayo kwenye ubongo. Ukitoboa mmoja, ni hatari ya kifo. Mwisho huziba tundu kwa mafuta yaliyotolewa tumboni au pajani, au kwa ngozi laini ya ndani ya pua.

Faida zake je? Katika hospitali zenye uzoefu, kati ya wagonjwa 10 waliopungukiwa na macho, kama 8 huona vizuri zaidi baadaye, ingawa si wote wanaorudi kama zamani. Wanaokufa kwa upasuaji ni chini ya 1 katika 100. Uvimbe mdogo wa homoni ya kukuza mwili huondoka kwa walio wengi. Ukiwa mkubwa na umepenya pembeni, mara nyingi hubaki kipande, na mgonjwa huhitaji sindano au mionzi. Kwa maoni yangu, mkono uliozoea ni bora kuliko chombo kipya. Fundi mzuri wa hadubini humshinda mwanagenzi mwenye endoskopu.

Mgonjwa akirudi nyumbani, jamaa zake wana kazi. Asipenge kamasi, asinyanyue gunia, na akipiga chafya afungue kinywa. Akiinama na maji meupe yenye chumvi yakamchuruzika puani, hayo si mafua, ni maji ya ubongo. Arudi hospitali siku hiyo hiyo. Akikojoa mno na kuona kiu isiyokatika, arudi. Na wengine hupewa vidonge vya kila siku, kwa sababu tezi haitoi tena amri ya kustahimili ugonjwa. Asiviache kwa sababu anajisikia vizuri, wala kwa sababu mtu amempa mizizi. Akiviacha, homa ndogo yaweza kumwua.

Safari huanza kwenye kituo cha afya, kisha hospitali ya Kahama, na huenda ikafika Bugando, Mwanza. Upasuaji wenyewe umekwisha fanywa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ambayo hutibu pia ubongo.

Sasa wekeni dengu chini, mkae wawili wawili, magoti yakikaribiana. Wa kwanza afumbe jicho la kulia kwa kiganja, wa pili afumbe la kushoto. Mtazamane katika jicho lililo wazi, bila kuyumba. Wa pili anyooshe mkono pembeni, katikati yenu, kisha alete kidole polepole kutoka nje akikichezesha. Mnapaswa kukiona pamoja. Jaribuni pande zote, halafu badilishaneni macho. Mtu ambaye kidole kimefika karibu na pua kabla hajakiona, kwa upande wa nje wa macho yote mawili, aende kwa daktari wa macho wiki hii, amweleze maneno hayo hayo.